Kopo Kando ya Mlango wa Jiko

Jumatatu, 1 Desemba 1986

Daftari hili nimelinunua Butali kwa sababu Sista Pascalia wa zahanati amekataa kunipa vidonge. Nilimpelekea mkono wangu wa kushoto ulioungua. Aliupaka dawa, akaufunga bandeji, kisha akaniuliza, "Mama, sufuria ilipokuunguza ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Ningekuwa wapi tena?"

"Mkono ulikuwa jikoni. Wewe je?"

Nikaitazama bandeji. Ukweli ni kwamba nilikuwa Bukura, mwaka wa sitini na nane, nimesimama nje ya jiko la chuo, na Makhanu anakuja kwa baiskeli, amemfunga kuku kwenye keria. Makhanu alikuwa mume wangu. Alifariki Machi mwaka huu.

Sista hakucheka. Alisema kila siku nichague kazi moja, yoyote ile, niifanye tangu mwanzo hadi mwisho nikiwa hapohapo, nisiende jana wala kesho, halafu niandike. Nikishindwa, niandike kwamba nimeshindwa. Eti hiyo ndiyo dawa.

Mimi Priscah Navalayo, niliyewapikia wanafunzi mia mbili chuoni Bukura miaka kumi na tisa bila kuunguza hata sufuria moja ya maharagwe, leo nafundishwa jinsi ya kusimama jikoni! Haya, tutaona.

Jumanne, 2 Desemba

Kazi: kufagia uwanja. Nilifika nusu, akili ikaenda zake Nakuru kwa mwanangu. Nimeshindwa.

Jumatano, 3 Desemba

Kazi: kuosha vikombe. Vilikuwa viwili tu. Nimeshindwa hapo pia.

Ijumaa, 5 Desemba

Barua ya Philemon, mwanangu, imefika. Anafanya kazi Nakuru na habari zinamfikia kabla sijazimaliza mwenyewe. "Mama, nimesikia uliungua. Mwezi wa sita ulisahau uji motoni, mwezi wa tisa ukaunguza leso. Nikisikia jambo la moto tena, nakuja kukuchukua, na safari hii sitakuuliza."

Nakuru naijua. Baada ya mazishi nilikaa kwake wiki tatu, ghorofa ya tatu, kwenye kochi. Mke wake ni mtu mzuri sana, hakuniruhusu kuosha hata kijiko. Asubuhi wote wanatoka, mlango unafungwa, mimi nabaki naangalia pazia. Nikiondoka hapa sitarudi, hilo nalijua. Nyumba isiyowashwa moto haimalizi mwaka.

Kazi ya leo: kusoma barua. Hiyo niliisoma nikiwa hapohapo, Sista, tena mara tatu.

Jumamosi, 6 Desemba

Niseme habari ya miwa, maana ndiyo majirani zangu sasa.

Zamani nikitoka nje asubuhi niliona moshi wa Jescah ng'ambo ya kijito. Yeye akiniona anapunga leso, nami napunga yangu, na hapo tumekwisha kuamkiana. Kisha kukaja homa ya sukari. Kila mtu akang'oa mihogo, akang'oa migomba, akapanda miwa hadi ukutani. Makhanu naye akapanda. Barasa jirani yetu akalima hata kile kijia cha kwendea kwa Jescah. Miwa yangu sasa imenipita urefu mara mbili, kampuni itaikata mwezi wa pili. Ya Barasa ina miezi saba, bado ni mtoto, lakini nayo imenipita. Nikisimama mlangoni naona uwanja, naona mbingu kidogo, basi. Kumfikia Jescah ni kuzunguka hadi barabara ya matrekta, na magoti yangu hayataki. Tunaonana Jumapili kanisani.

Mchana kutwa miwa inanong'ona. Mwanzoni nilikuwa nadhani kuna watu wanakuja.

Jumatatu, 8 Desemba

Sasa huyu Protus. Ni mdogo wake Makhanu, shemeji yangu, au mulamwa kama tunavyoitana hapa. Hakuoa. Anakaa kile kibanda cha mpakani na mizinga yake ya nyuki. Tangu mazishi anakujanga kila asubuhi, jua likishatoka vizuri.

"Mulembe, mulamwa."

"Mulembe."

Basi. Baada ya salamu hiyo hasemi lingine. Anazunguka nyuma ya jiko langu, anakohoa, anaondoka. Anatafuta nini huko? Leo nimehesabu mayai ya kuku. Yote yapo. Kama ni shamba la kaka yake analolipima kwa macho, aseme.

Alhamisi, 11 Desemba

Kazi: kutoa majivu. Nimeichagua kwa sababu naifanya kila siku, nikadhani itakuwa rahisi.

Jiko langu ni la mafiga matatu. Asubuhi nayakusanya majivu kwenye karai bovu, nayamwaga nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka kwenye miwa, halafu nayamwagia maji ya kopo. Kopo hilo ni la mafuta ya kupikia, lile kubwa. Makhanu alilitundika kando ya mlango mwaka tuliopanda miwa. Alisema, "Priscah, haya si mahindi. Miwa kavu ikishika moto hakuna wa kuuzima." Jioni nalijaza, na asubuhi baada ya kazi nalikuta tupu.

Leo nilikumbuka kubeba karai. Baada ya hapo nilikumbuka niko ndani napanga chai. Katikati sijui. Lakini nilipochungulia baadaye, kopo lilikuwa tupu na majivu yamelowa. Kwa hiyo mikono inajua kazi yake hata mwenyewe nikiwa Bukura. Nitamwambia Sista Pascalia hilo, apunguze kiburi.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimemwambia. Amesema, "Mikono ikijua kazi ni vizuri, mama. Lakini mikono haiwezi kukuambia iliifanya lini."

Anajibu haraka mno huyo binti.

Alhamisi, 18 Desemba

Jua.

Ijumaa, 19 Desemba

Jua. Nimechambua maharagwe. Nilikaa nayo mpaka debe likaisha, punje kwa punje, mawe huku, mabovu kule. Sikwenda popote. Nimeshangaa. Kisha nilipomaliza nikaangalia uwanja mtupu, na nikatamani nisiwepo.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Philemon hakuja, mtoto anaumwa surua. Kanisani nilikaa na Jescah, tukashikana mikono muda wa maombi yote. Alisema, "Dada, sikuoni tena kule kwako. Nikitoka nje nakupungia tu hivyohivyo." Kumbe anapunga bado, anaipungia miwa.

Nyumbani nilichinja kuku. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja sijawahi kujifunza. Ukinipa watu mia mbili nitakuambia unga kiasi gani bila kupima, lakini obusuma, ugali wetu, ya mtu mmoja inanishinda, daima inazidi. Leo nilipakua sahani mbili. Niliziona ziko mezani ndipo nikajua nilichofanya. Nilikuwa naitwa na Makhanu kutoka chumbani, aniulize kama ingokho, yule kuku, imeiva.

Protus akaja wakati huohuo kutoa heri. Nikamsukumia ile sahani ya pili, ili mradi ipate mtu. Alikula polepole sana, hasemi, hatazami kando, anatafuna kila kitu mpaka mwisho. Nilikasirika, nikasema moyoni ataniweka hapo mpaka mwaka mpya. Alipomaliza akasema, "Chumvi umeipima, mulamwa."

Hakuna aliyeniambia neno kuhusu chakula changu tangu Machi. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kijiko.

Nilipotoka, nilimwambia ili kusema kitu tu kwamba Makhanu alipenda uji wa asali. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Jumatatu, 5 Januari 1987

Jua na upepo. Majani ya miwa yamekauka mpaka yanakata ngozi. Matrekta yanapita na trela tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Jumatano, 7 Januari

Kazi: kutoa majivu. Nimeshindwa. Kopo nililikuta tupu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimegundua jambo, na Sista hakuniambia labda kwa makusudi. Kila nikikaa hapa kweli, nikiwa na kikombe mkononi na maji ya moto na sauti ya kuku, kitu cha kwanza kinachofika ni upweke. Hakibishi hodi. Ndiyo maana natoroka. Bukura kuna watu, na Makhanu ana miaka thelathini na mitano na baiskeli mpya. Hapa kuna kikombe. Nani mjinga wa kuchagua kikombe?

Lakini aliniambia niandike kilichopo. Basi nimeandika: nina upweke. Ni saa nne asubuhi, niko jikoni, nina upweke, na chai imepoa.

Jumatatu, 12 Januari

Nilikunywa chai yote ikiwa moto. Nilikuwepo.

Alhamisi, 15 Januari

Protus nyuma ya jiko tena. Nilimpigia kelele kutoka ndani, "Mulamwa, umepoteza nini huko?" Akajibu, "Sijapoteza." Ebo! Sasa hilo ni jibu?

Jumatatu, 26 Januari

Barua ya Philemon. Amepata nyumba kubwa zaidi, kuna chumba changu. "Mama, chumba kina dirisha." Anazungumza kama mtu anayembembeleza ng'ombe aingie kwenye lori. Kesho nitamjibu. Nimekuwa nayapanga maneno tangu mchana.

Jumanne, 27 Januari

Naandika usiku, nguo bado zinanuka moshi.

Asubuhi nilikusanya majivu. Nilikuwa namwandikia Philemon kichwani. Nilifika pale nilipotaka kumwambia kuhusu dirisha, kwamba hata hapa nina dirisha. Nakumbuka uzito wa karai. Nakumbuka upepo ukinipeperushia leso. Halafu nakumbuka niko mezani na kalamu, na barua imefika ukurasa wa pili.

Niliusikia kabla ya kuuona. Ilikuwa kama bisi zinaruka kwenye sufuria, kisha ngurumo. Nilipotoka, miwa nyuma ya jiko ilikuwa ukuta wa moto, upepo unaukimbiza kwenda kwa Barasa. Panya, kwale, nguchiro, wote walipita miguuni mwangu kuelekea barabarani. Nilipiga yowe. Watu wakaja na mapanga, wakaanza kufyeka mstari ili kuukata moto, lakini ulikuwa unawaruka. Protus alitokea kwenye moshi, uso mweusi, akanishika mkono akanivuta hadi uwanjani kwa Jescah kupitia katikati ya shamba ambalo tayari limeungua, ardhi bado moto. Ni miaka miwili sijaingia uwanja huo kutoka upande ule.

Saa nane ulikuwa umekwisha. Miwa yangu yote na ya Barasa yote. Jiko langu limepona kwa sababu ya mabati.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja mlangoni mwa jiko. Kopo liko pale pale. Limejaa hadi ukingoni. Kuna majivu membamba yanaelea juu ya maji, maji yenyewe hakuna aliyeyagusa.

Jumatano, 28 Januari

Kopo limejaa. Sijaligusa.

Alhamisi, 29 Januari

Wakata miwa wa kampuni wamefika mapema, maana miwa iliyoungua isipokatwa haraka utamu wake unaharibika. Wanakata yangu. Kwa ya Barasa msimamizi amevunja muwa mmoja, akaulamba, akautupa. Miezi tisa. Hawaichukui. Barasa alikaa chini palepale kwenye masizi na suruali yake nzuri. Hakulia, alikuwa anafungua na kufunga mkono tu.

Jioni liguru wetu Andati, ndiye mkubwa wa kijiji hiki, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikuwa na moto asubuhi ile. Watu watatu wamesema walimwona Protus mapema, juu ya mti wa mzinga, na mwenge wa moshi. Andati akaniuliza mimi, "Mama Philemon, wewe uliona nini?"

Nikasema nilikuwa naandika barua. Ni kweli nilikuwa naandika barua.

Jumamosi, 31 Januari

Kikao uwanjani kwa Barasa, viti vimeletwa kutoka kanisani. Barasa alisimama.

"Nani mwingine hapa alikuwa na moshi? Nani? Huyu mzee anacheza na nyuki kwenye kiangazi, mimi nimebaki na masizi!"

Andati akamgeukia Protus. "Ulikuwa na moto?"

"Nilikuwa na moshi wa nyuki."

"Ndio ulioanzisha?"

"Sikuanzisha."

"Nani basi?"

Protus alitazama chini. Nilikuwa nimekaa na akina mama, hatua sita kutoka kwake. Nikasema moyoni ngoja kwanza, ngoja aseme mwenyewe, mwanamume gani hajitetei? Hakusema. Wakaamua arudi kwa wajomba zake Chekalini kabla ya mvua, na Jumamosi ijayo wakutane kuthibitisha, ili asiseme hakusikilizwa.

Sikusema kitu. Naandika hapa kwa sababu Sista alisema nikishindwa niandike.

Jumapili, 1 Februari

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 2 Februari

Miwa yangu imebebwa yote. Sasa kila kitu kinaonekana. Naona kijito, naona nyumba ya Jescah, mlango wake wa kijani ambao sikujua aliupaka rangi. Leo asubuhi alitoka akaniona, akapiga kelele za furaha, akapunga leso kwa mikono miwili. Miaka miwili nimengoja hilo. Sikuweza kuinua mkono. Nilirudi ndani.

Jumanne, 3 Februari

Barua. "Mama, nimesikia kuhusu moto. Nitakuambia ukweli, niliposikia tu nilidhani ni wewe, nikaanza kuomba ruhusa kazini. Kumbe ni baba mdogo Protus na nyuki wake. Ashukuriwe Mungu. Basi nimetulia, mama. Ukipenda kaa huko, sitakusumbua tena mwaka huu."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimeisoma nikiwa hapohapo.

Jumatano, 4 Februari

Naona kibanda cha Protus kutoka mlangoni kwangu. Anafunga mizinga kwa magunia.

Alhamisi, 5 Februari

Asubuhi nilitoa majivu, mara ya kwanza tangu siku ya moto. Sikuweza kuligusa lile kopo, nikasema nitachota maji mengine ndani. Nilipokuwa nimeinamia mtungi nikasikia hatua, kisha kikohozi kile, kisha maji: chwaa, na majivu yakalia.

Niliweka jicho kwenye ufa wa ukuta. Protus alikuwa amelishika kopo langu. Aliyamwaga maji polepole akizunguka, asiache pembe, kisha akachuchumaa, akayagusa majivu kwa mgongo wa mkono, akangoja, akagusa mahali pengine. Alipotosheka akalitundika kopo mahali pake, mdomo ukielekea ukutani jinsi Makhanu alivyoliweka. Akakohoa, akaondoka.

Mama wee. Nilikaa chini jikoni.

Kila asubuhi tangu Machi. Lile kopo nililolikuta tupu, nikaringa nalo mbele ya Sista, hata mara moja haikuwa kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nahesabu mayai. Na siku ile ya moto, alijua. Alijua tangu dakika ya kwanza, ndiyo maana alitazama chini.

Ijumaa, 6 Februari

Nilikwenda kibandani kwake. Sijawahi kuingia humo tangu nilipoolewa. Alinipa kigoda, yeye akakaa juu ya mzinga.

"Mulamwa," nikasema, "kopo siku ile lilikuwa limejaa."

"Najua."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Aligeukia mlango. Nje nyuki walikuwa wanazunguka magunia, hawajui wanakokwenda.

"Mimi nikienda Chekalini nitakuwa Chekalini," akasema. "Huko pia kuna nyuki. Wewe ukitolewa hapa utakufa. Na siku ile nilichelewa. Nakujanga jua likitoka, siku ile nilichelewa."

"Ulichelewa kwa nini?"

Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akanipa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Asali. "Ulisema kaka alipenda kwenye uji. Nilitaka nije nayo."

Nililia mbele yake bila haya yoyote. Hakunitazama wala hakuondoka. Tulikaa hivyo mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 7 Februari

Nilikwenda kikaoni na vitu viwili: kopo limejaa maji, na daftari hili. Njiani nilifanya kazi moja tu, kutomwaga. Nilitazama maji hatua kwa hatua, kutoka kwangu hadi kwa Barasa, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba sikwenda popote. Nilikuwa na hofu, nayo nilikuwa nayo hapohapo.

Andati akasema akina mama watasikilizwa baadaye. Nikasema hapana, liguru, leo nitatangulia. Nikaliweka kopo mbele ya miguu ya Barasa.

"Hili ndilo kopo la kuzimia majivu yangu. Siku ile baada ya moto nililikuta hivi, limejaa. Majivu niliyamwaga mimi. Maji sikuyamwaga. Nilikuwa naandika barua kichwani."

Jescah akasema, "Dada, kaa chini, unaumwa."

"Siumwi." Nikafungua daftari nikawasomea ya tarehe ishirini na saba, yote, hadi yale majivu yanayoelea. Kisha nikawasomea ya tarehe thelathini na moja, pale nilipokaa kimya. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Kisha nikasema juu ya Protus na kila asubuhi tangu Machi. Watu wakageuka kumtazama, naye akawa anatazama vidole vya miguu yake kama kawaida.

Barasa alisimama. Nilidhani atanipiga. Alilipiga kopo teke, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya liguru.

"Wiki nzima! Mama Philemon, wiki nzima umeniacha namtukana mzee wa watu!"

"Ndiyo."

"Nimemwita mwizi wa maisha yangu!"

"Ndiyo, Barasa. Ni mimi."

Akarudi kukaa. Waliamua kwamba machipukizi ya shamba langu, yale yatakayoota kwenye visiki, mavuno yake ni ya Barasa. Ni haki. Protus abaki. Hakuna aliyenisindikiza nyumbani, hata Jescah. Nilibeba kopo langu tupu. Lina bonde ubavuni sasa.

Jioni nilimwandikia Philemon. Niliandika kila kitu na nikamalizia, "Ulisema hutaniuliza. Sitakufungia mlango."

Jumapili, 8 Februari

Kanisani benchi langu lilikuwa na mtu mmoja. Ni mimi.

Jumatano, 11 Februari

Upepo. Kazi: kutoa majivu. Nilikuwepo hadi karai, nikapotea, nikarudi mwenyewe, nikamwaga maji. Protus alipofika aligusa, akaongeza kidogo pembeni.

Ijumaa, 13 Februari

Philemon amefika na begi kubwa, tupu. Aliliweka kando ya mlango, hakulifungua, wala sikuuliza. Ana mvi mbili juu ya sikio, sikujua. Nilimpikia, nikapima unga wa watu wawili, ukatosha.

"Mama, ungeweza kunyamaza," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshaamini."

"Ningeweza."

"Basi kwa nini?"

"Ningekaa hapa nikiwa sipo."

Alisogeza sahani. Akasema tutaondoka kesho saa nne.

Jumamosi, 14 Februari

Niliamka nikafanya kazi yangu. Philemon alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akinitazama, nikamwacha atazame.

Nilikusanya majivu. Mengine yalikuwa na macho mekundu chini, nikayaona. Karai lina mpini mmoja uliolegea, unalia ukitembea. Hatua kumi. Niliyamwaga chini upande usio na upepo. Nikarudi kuchukua kopo, likamwagika kwenye lile bonde na kunilowesha kifundo cha mkono, maji baridi. Nikamwaga nikizunguka, nisiache pembe. Yalilia, moshi ukanipanda usoni, una harufu ya mti wa mkaratusi. Nikachuchumaa nikaweka mgongo wa mkono. Joto. Nikaongeza. Nikangoja. Baridi. Makhanu hakuwepo. Nilijua hayupo, na sikwenda kumtafuta.

Jua likatoka. Protus akaja kupitia kwenye visiki, naye sasa anaonekana tangu anapotoka kwake.

"Mulembe, mulamwa."

"Mulembe."

Alimwamkia Philemon, akazunguka nyuma ya jiko. Alichuchumaa. Aligusa mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Alitazama kopo, akalitikisa, tupu. Alikaa pale muda mrefu kuliko siku zote, kisha akarudi mbele akasimama mikono ikining'inia.

"Leo hakuna kazi yangu," akasema.

"Hakuna."

"Imezimika kabisa."

"Nimeizima mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama kibanda chake kule mbali, akatazama miguu yake. Sikuwahi kumwona mtu asiyejua aelekee wapi namna ile, na nikajua kwamba mimi si peke yangu niliyekuwa peke yangu hapa.

"Sasa nitakuwa nakuja kwa nini?" akauliza.

"Kwa chai," nikasema. "Jua likitoka. Na ukichelewa nitakufuata."

Philemon alitema povu la mswaki kwenye vumbi, akaingia ndani. Tulimsikia akikokota kitu. Alitoka na begi lake, bado tupu, akalikunja mara mbili akalitia kwapani. Akasema basi la Nakuru analipata Butali akiwahi, ila kwanza anywe chai, kama ipo ya watu watatu.

Nilitia maji bila kupima, na asali ile yote. Ilitosha vikombe vitatu. Ng'ambo ya kijito mlango wa kijani ulifunguka, Jescah akatoka na beseni. Alisimama. Nilivua leso yangu kichwani nikapunga. Hakupunga. Niliendelea.